Moyo Unaodakia Usiku



Mimi ni karani wa parokia moja katika mkoa wa Tabora, na umri wangu ni miaka 36. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha kwa muda, kisha nikaitwa kushika vitabu vya parokia, na ndiyo kazi yangu mpaka leo, ingawa kijijini bado huniita Mwalimu. Sina elimu ya utabibu. Nawaandikia kwa sababu kwa muda wa miezi kumi na minne nilikuwa na jambo nililolificha kitandani mwangu mwenyewe, ubavuni mwa mke wangu, naye asijue.

Lilianza mwezi wa Juni mwaka 2021. Nilikuwa nimelala ubavu wa kushoto kama ilivyo desturi yangu. Yapata saa saba za usiku nikashtuka. Moyo ulipiga pigo dogo kabla ya wakati wake, ukanyamaza, nami nikangoja. Kisha ukapiga pigo kubwa lililonitikisa mpaka kooni, kama kambale ajigeuzapo ndani ya ndoo. Nikaketi. Ukaenda sawa mapigo manane au kumi, ukarudia mchezo wake. Ukawa hivyo mpaka jogoo wa kwanza. Asubuhi ulikuwa umetulia kabisa, nikaenda kazini nikijiambia kwamba ni uchovu tu. Usiku wa tatu ukarudi.

Yafaa niwaeleze kazi yangu kidogo, maana ndiyo iliyonizidishia hofu. Karani wa parokia hushika kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, na kitabu cha wafu. Katika kitabu cha wafu kila marehemu ana mstari wake: jina, umri, siku ya kufa, siku ya kuzikwa, na jina la padre aliyemzika. Kwa miaka kadhaa niliiandika mistari hiyo kwa utulivu, kama mwenye duka anavyoandika sukari na chumvi. Lakini tangu Juni ile nikaanza kutazama umri. Huyu 34. Huyu 41. Nikawa nafungua hata kurasa za zamani, zilizoandikwa na makarani walionitangulia kwa wino uliokwisha kugeuka rangi ya udongo, nikiwatafuta waliokufa kabla ya miaka arobaini. Niliwapata wengi, kwa kuwa nilikuwa nikiwatafuta hao tu. Na usiku, moyo uliponyamaza lile pigo moja, niliuona mstari wangu umekwisha kuandikwa, tena kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Isitoshe, baba yangu mzazi alikufa usingizini mwaka 2004, akiwa na miaka 51, wala hakuna aliyejua sababu. Alikula ugali wake, akalala, na asubuhi hakuamka. Basi mwaweza kufahamu nilichokuwa nikifikiri.

Sasa mtaniuliza, kwa nini hukusema? Nami nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto wa darasa la nne kwamba mficha maradhi kifo humwumbua, tena niliwaandikia ubaoni kwa herufi kubwa. Sijui nijibu nini. Naona niliogopa kwamba nikilitamka jambo lile litakuwa kweli. Nikaona heri kunyamaza na kuhesabu.

Ndiyo, kuhesabu. Nilinunua daftari la kurasa 96, na kila nilipoamka nilitoka nje polepole, nikakaa juu ya kigoda chini ya mwembe, tochi kwapani, vidole vya mkono wa kulia juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, macho kwenye saa. Nikaandika: saa 7.20, mapigo 84, yaliyoruka 6. Saa 8.05, mapigo 91, yaliyoruka 9. Kadiri nilivyohesabu ndivyo yalivyozidi. Ili nisisinzie kazini nikawa nakunywa kahawa chungu asubuhi, mchana na jioni, halafu nikashangaa kwamba silali.

Hayo yangekuwa yangu peke yangu nisingeona haya sana kuyaeleza. Lakini katika miezi ile nilikuwa nimeweka akiba ya kununua mabati, kwa maana nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na nyasi zimekuwa kuukuu. Fedha zilitimia. Sikununua. Nilijiambia kwamba mjane atahitaji fedha taslimu kuliko mabati. Masika ya mwaka 2022 yakaja, paa likavuja, watoto wakahamisha mkeka wao kutoka kona hii mpaka kona ile, na mke wangu akaniuliza mara moja, mara mbili, habari za mabati. Nikamjibu kwamba bei imepanda.

Mwezi wa Agosti alinikuta. Aliamka, akaona nafasi yangu tupu, akatoka, akaniona chini ya mwembe na tochi yangu.

“Baba watoto,” akasema, “unamhesabu nani?”

Sikuweza kudanganya, maana daftari lilikuwa magotini. Akalichukua, akalifungua, akapindua kurasa moja baada ya moja. Akasema, “Mimi nilipoliona sandukuni nilidhani ni madeni.” Kisha nikamweleza yote, toka mwanzo, pamoja na habari za mabati. Alinyamaza kitambo kirefu. Nilitazamia machozi. Badala yake akakasirika, tena sana. “Kumbe watoto wamenyeshewa masika nzima kwa sababu ya jambo usilotaka kulisema! Ungekufa kweli, ningejuaje la kumwambia mganga?” Wasomaji, sijapata kukemewa vile tangu nilipokuwa mtoto, na ilinipasa.

Mahali pa kwanza tulipokwenda nilipimwa presha kwa haraka, nikaambiwa ni mawazo, nikapewa vidonge vya usingizi. Shangazi yangu naye alisema ni jinamizi, akataja mtu wa kuliondoa. Mke wangu alivikataa vidonge na akamshukuru shangazi kwa heshima. Wiki iliyofuata tukapanda basi, tukapita Nzega na Shinyanga, tukafika Mwanza kwenye hospitali ya rufaa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kuliko mimi. Nilimpa daftari langu, akalisoma kweli, asilicheke. Akauliza maswali mengi. Je, nimepata kuanguka na kuzimia? Je, kifua hubana nipandapo kilima au nikatapo kuni? Je, nikilala chali pumzi hukatika? Je, miguu huvimba? Moyo ukianza, huenda mbio kama mtu aliyefukuzwa, au hurukaruka tu? Na je, katika ukoo wetu yuko aliyekufa ghafula akiwa kijana? Hapo nikamwambia habari za baba. Akaweka kalamu chini, akasema, “Mwalimu, hilo ni jambo kubwa, umefanya vema kulisema. Kwa sababu hiyo hatutakisia, tutapima.”

Nikapimwa damu, wasije wakakosa upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingoni, maana yote mawili yaweza kuuchafua mwendo wa moyo. Nikapimwa umeme wa moyo, nyaya zimebandikwa kifuani na mikononi na miguuni. Nikapimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile wanayowapimia wajawazito, nikauona moyo wangu mwenyewe kwenye kioo, milango yake ikifunguka na kufunga. Mwishoni nikavishwa kinasa mapigo, kijisanduku cha kutosha kiganjani, nikae nacho saa 24, usiku na mchana.

Kwa mtu aliyesomea ualimu, kipimo kisicho na historia yake ni kama hesabu bila majibu, basi baadaye nilitafuta. Kipimo cha umeme wa moyo tunacho kwa ajili ya kazi ya Willem Einthoven, profesa wa mji wa Leiden huko Uholanzi, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono miwili na mguu mmoja katika vyombo vya maji ya chumvi. Kile kijisanduku nacho asili yake ni Mmarekani mmoja wa Montana, Norman Holter. Katika miaka ya 1940 chombo chake kilibebwa mgongoni, kilo 38! Mimi nililala na changu chini ya mto, na bado nilinung’unika kwamba nyaya zinawasha.

Tulirudi kwa majibu siku ya tatu. Mapigo yote ya saa 24 yalikuwa 98,412. Mapigo yaliyokuja mapema yalikuwa 2,316.

Nilipoisikia hesabu hiyo ya pili nilihisi magoti yanalegea. Lakini daktari alinitaka nifanye hesabu mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nikaifanya nyuma ya karatasi: ni mapigo mawili na kitu katika kila mia. Akanieleza kwamba madaktari huanza kuwa na wasiwasi wa moyo kuchoka yanapofika kama kumi katika kila mia au zaidi. Akaniambia tena kwamba mtu mzima aliyepumzika hupiga mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, hata jumla ya siku moja hufika 100,000 hivi, na kwamba ukiwavisha watu wazima wenye afya kijisanduku kile, wengi wao hukutwa na mapigo ya mapema angalau machache, wala hawana habari nayo.

Kisha akanifafanulia lile lililonitisha, nami nawapa kama nilivyopewa. Juu kabisa ya moyo, upande wa kulia, kuna kikundi kidogo cha chembe ambacho ndicho mpiga ngoma mkuu. Waliokigundua ni Arthur Keith na kijana Martin Flack huko Uingereza, mwaka 1907. Hicho hupiga, na moyo wote hufuata. Lakini chembe nyingine za moyo nazo zina uwezo wa kuanzisha pigo, na mara nyingine moja hudakia kabla ya zamu yake, kama yule kijana wa kwaya asiyeweza kungoja. Pigo lake ni dogo, kwa kuwa moyo haujajaa damu. Mara nyingi halifiki hata kwenye kifundo cha mkono, ndiyo sababu mimi niliandika kwamba limeruka. Baadaye moyo hutulia kidogo kungoja zamu ya mkuu wake. Katika kutulia huko hujaa damu kuliko kawaida, na pigo linalofuata huwa kubwa. Kumbe lile teke lililonipeleka chini ya mwembe usiku baada ya usiku ndilo lilikuwa pigo la moyo mzima! Ule ukimya niliodhani ni kufa ulikuwa ni moyo unajaa.

Na kwa nini usiku? Kwanza kwa sababu ya kimya. Mchana kuna watoto, kuna kengele, kuna watu wanaotaka cheti cha ubatizo upesi. Pili, ulalapo ubavu wa kushoto moyo huegemea karibu zaidi na mbavu. Tatu, usiku mapigo huenda polepole, na kwa watu wengine nafasi hiyo ndiyo ya wenye kudakia. Halafu mtu akishtuka, hofu humwaga ndani ya damu ile nguvu ya kukimbilia, moyo ukachochewa, ukadakia zaidi; naye asiyelala leo, kesho moyo wake huwa mwepesi zaidi wa kudakia. Mimi nilikuwa nimejizungushia kamba hiyo kwa mikono yangu mwenyewe, na daftari juu.

Nikamwomba dawa ya kuyanyamazisha. Akasema hapana, na sababu yake sijaisahau. Huko Marekani waliwahi kufikiri kwamba mapigo hayo, kwa watu waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo, yakinyamazishwa watu wataishi zaidi. Wakawapa dawa zilizoyanyamazisha kweli. Mwaka 1989 walilazimika kulikatisha jaribio lenyewe, kwa kuwa waliopewa dawa hizo walikuwa wakifa zaidi ya mara mbili kuliko waliopewa vidonge vitupu. Karatasi za mapigo zilionekana safi, na wenye mioyo walikuwa wakizikwa. “Moyo wako una umbo zima na nguvu zake,” akasema. “Sitautia dawa kwa sababu ya kelele.” Zipo dawa nyingine za upole, akasema, na angenipa kama nisingeweza kuvumilia, tukaafikiana kwamba kwanza nirekebishe mwenendo wangu, na kwamba nirudi kila mwaka kwa sababu ya habari za baba.

Habari za kahawa niliuliza mwenyewe, kwa hofu, maana naipenda. Mwaka 2023 madaktari wa San Francisco walitangaza jaribio la watu wazima 100, walioambiwa siku hii wanywe kahawa na siku ile wasinywe. Mapigo ya mapema ya vyumba vya juu vya moyo hayakuzidi kwa kiasi cha kuhesabika, bali yale ya vyumba vya chini, kama yangu, yalizidi, na siku za kahawa watu walilala pungufu kwa dakika 36 hivi. Basi sikuiacha. Nanywa kikombe kimoja asubuhi, na baada ya saa nne sinywi tena.

Mengine ni madogo. Nalala ubavu wa kulia. Daftari tulilichoma, au tuseme mke wangu alilichoma. Alinipa kurasa tupu zilizobaki niandikie mahudhurio ya kwaya. Moyo ukidakia usiku nikaamka, namwambia, hata kama ni kwa neno moja, naye huitika hata kama ni nusu usingizini. Sitawadanganya kwamba umepona. Bado unadakia, wiki nyingine kila usiku, na yako masaa ambayo elimu yote ya daktari hutoka kichwani, nikabaki mtoto wa baba yangu. Lakini sasa hofu ile hupita, nami nikalala. Mabati tuliyapaua kabla ya mvua za Novemba, bei ikiwa imepanda kweli, na hilo mke wangu hanisamehi upesi.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niwaandikie. Tuliporudi kutoka Mwanza sikuficha tena, nikasimulia waziwazi, hata baada ya mazoezi ya kwaya. Mama mmoja kijana wa sauti ya pili akanifuata mpaka ofisini, akasema, “Mwalimu, hata mimi.” Akaniambia kwamba moyo wake huenda ovyo usiku, kwamba hulala ameegemea mito miwili kwa kuwa akilala chali hukosa pumzi, na kwamba kilima cha kisimani hukipanda kwa kupumzika mara tatu. Alikuwa amejiambia ni uzazi. Nilikuwa karibu kumwambia, “Usiogope, ni kelele tu, hata mimi niliambiwa hivyo.” Neno lilikuwa mdomoni! Nikakumbuka maswali ya daktari: pumzi, miguu, kilima. Nikamtazama miguu, ilikuwa imevimba. Mume wake tulimwita siku ile ile.

Moyo wake haukuwa kama wangu hata kidogo. Alipokuwa mtoto aliugua koo mara nyingi, kisha viungo vikamvimba kwa zamu, leo goti, kesho kiwiko, na hakuna aliyejua kwamba homa ile hula milango ya moyo. Mlango mmoja wa upande wa kushoto umekazana, chumba cha juu kimetanuka, na mapigo yake hayana mpango wowote, si kudakia mara moja moja. Katika hali ile damu huweza kuganda ndani ya moyo, na donge likitoka likaenda kichwani, huleta kiharusi. Na koo lile la utotoni lingetibiwa kwa penisilini ya bei ndogo.

Sasa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo lazima ipimwe kwenye damu mara kwa mara, maana ikipungua haimkingi na ikizidi atavuja damu. Wala haruhusiwi kubeba mimba kabla ya kuzungumza na madaktari wake. Amepewa rufaa kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015, watazame kama mlango ule waweza kupanuliwa. Wanakwaya wanachangia nauli. Mito imebaki mmoja. Jumapili iliyopita aliimba ameketi, wengine wamesimama, na hakuna aliyemshangaa. Siku zake za kupimwa damu nimeziandika kwa chaki ukutani mwa ofisi, juu ya meza ninapowekea vile vitabu, na inayofuata ni Jumanne.